Miguu Yetu na Buti

Twataka kusema juu ya miguu, kwa sababu ndiyo inayotubeba juu ya kokoto na mataruma toka asubuhi mpaka jua kuzama, wala hakuna aiulizaye habari mpaka iume.

Mwenzetu mmoja wa gengi alipolalamika kwamba nyayo zamwuma, mkubwa wake alimjibu, "Una miguu bapa, ndivyo ulivyozaliwa." Jibu gani hilo? Watu wengi wana nyayo bapa na hawaumwi kamwe. Tena upinde wa unyayo haushikwi na mifupa peke yake. Umeshikwa na kano, na misuli midogo iliyopangwa tabaka nne chini ya mguu. Misuli hiyo ikidhoofika, mzigo huzidi kuangukia kano.

Basi yaweza kutiwa nguvu. Wakati wa chai vua buti, keti, weka unyayo wote chini. Vuta shina la kidole gumba kuelekea kisigino hata upinde uinuke, lakini vidole visijikunje. (Hapo wengi wetu hukosea, twakunja vidole kama kuku juu ya tawi.) Hesabu mpaka tano, legeza. Mara kumi kila mguu, kila siku. Baada ya majuma kadhaa fanya umesimama. Mifupa ya mtu mzima haitabadilika umbo, lakini mguu utapata nguvu ya kujishika. Kama pamevimba karibu na fundo upande wa ndani, au upinde umeanguka ghafula, acha mazoezi, nenda kwa daktari.

Mwaka 2018 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, walitangaza vipimo vya Watarahumara wa Mexico, watu watembeao na ndala nyepesi, nyingine za mpira wa gari kama akala zetu. Upinde wao ulionekana mgumu kuliko wa Wamarekani wavaao viatu vya kawaida, na baadhi ya misuli ya unyayo ilikuwa minene zaidi.

Lakini mkubwa asije akasoma haya akasema, "Basi vueni buti." Chuma kikiangukia vidole, mazoezi hayafai kitu. Sisi twataka buti zipimwe upana, si urefu tu, maana buti ibanayo vidole huifunga ile misuli isifanye kazi yake. Katibu wa tawi anaandika majina ya wote waliopewa kipimo kisicho chao. Mpe lako kabla ya mkutano ujao.