Mzee, Pikipiki na Gurudumu la Tatu



Mwezi huu napenda tuzungumzie jambo ambalo kwa kawaida huachiwa mafundi wa gereji, ingawa sisi wauguzi ndio tunaopokea matokeo yake. Wapo wazee wanaopeleka pikipiki zao kwa fundi, gurudumu la nyuma likaondolewa na kuwekwa mawili, mfano wa toyo la kubebea mizigo. Wengine bado wanajiuliza kama nao wafanye hivyo. Katika familia nyingi shauri hili huleta ubishi. Watoto wanasema, "Baba, umri umekwenda, achana na pikipiki." Mzee anajibu kwamba alianza kuendesha kabla wao hawajazaliwa. Mwisho wake ama ufunguo unafichwa, ama mzee anaachwa aendelee mpaka siku atakapoanguka.

Mimi sikubaliani na njia zote mbili. Kumnyang'anya mzee ufunguo si jambo dogo. Kijijini, pikipiki ndiyo inayomfikisha kliniki ya presha au ya kisukari, shambani, sokoni, na kama ni katekista, kigangoni. Akikosa usafiri na nauli ya bodaboda ikimshinda, dawa zinakatika. Akikaa nyumbani kutwa, misuli ya miguu inalegea na moyo unanyong'onyea. Lakini kumwacha hivi hivi nako ni kumtelekeza. Gurudumu la tatu laweza kuwa njia ya katikati, mradi tuelewe linasaidia nini na halisaidii nini.

Tuanze na namna wazee wanavyoanguka. Watu hufikiri ni mwendo kasi. Wengi wao huanguka pikipiki ikiwa imesimama au inatembea pole pole: njia panda, kwenye mchanga, akijaribu kuigeuza mlimani, au akivusha mguu ili ashuke. Pikipiki ya kawaida ina uzito wa zaidi ya kilo 100. Kijana ikimwelemea huishika kwa mguu mmoja. Mwenye goti lenye baridi yabisi hawezi, wote wawili wanakwenda chini, mguu ukibaki chini ya chuma na pengine ukiunguzwa na ekzosi.

Mifupa ya uzeeni haina ugumu wa zamani, na kwa akina mama hupungua zaidi baada ya hedhi kukoma. Anguko ambalo kijana angejikung'uta vumbi na kuondoka, mzee anavunjika nyonga. Kuvunjika nyonga si sawa na kuvunjika mkono. Ni kulala kitandani muda mrefu, na kulala huko huleta vidonda vya mgongo na makalio, nimonia, na damu kuganda katika mishipa ya miguu. Wapo wasiotembea tena, na wapo tunaowapoteza kwa madhara hayo.

Hapo ndipo gurudumu la tatu linapofaa. Chombo kikisimama hakiangushi mtu. Hakuna haja ya kukishikilia kwa miguu, na kupanda na kushuka ni rahisi zaidi. Kwa mzee ambaye tatizo lake ni magoti, nyonga au miguu kukosa nguvu, nasema ni msaada wa kweli.

Ila gurudumu la tatu humzuia mzee asianguke akiwa amesimama, halimwoneshi njia. Kwa hiyo kabla ya kwenda kwa fundi, aje kwanza hospitali au zahanati tumpime mambo haya:

Kwanza, macho. Mtoto wa jicho hufifisha mwanga, na presha ya macho hupunguza uwezo wa kuona vitu vya pembeni bila mtu mwenyewe kujua. Huko Uingereza dereva hutakiwa kusoma namba ya gari lililo umbali wa mita 20, akiwa na miwani yake kama anaitumia. Hicho ni kipimo ambacho kila mmoja anaweza kukijaribu uani kwake. Mtoto wa jicho hutibika kwa upasuaji, kwa hiyo kushindwa leo si lazima iwe kushindwa daima.

Pili, dawa na magonjwa. Baadhi ya dawa za presha huleta kizunguzungu mtu anapoinuka. Dawa za usingizi, na hata piritoni ya mafua, husinziisha. Anayetumia sindano ya insulini au vidonge vya kushusha sukari anaweza kuishiwa sukari njiani akapoteza fahamu, hasa kama hakula. Kisukari cha muda mrefu huua ganzi nyayo, mguu usijue kama umekanyaga breki au la. Mwenye kifafa au anayezimia ovyo asiendeshe, hata chombo kingekuwa na magurudumu sita.

Tatu, shingo, masikio na akili. Je, anaweza kugeuka kuangalia nyuma? Anasikia honi? Ameanza kupotea katika njia anazozijua? Hili la mwisho likiwepo, tusizungumze habari ya gurudumu. Tuzungumze habari ya kuacha.

Akifaulu hayo, ajue kwamba atakachopewa ni chombo kipya. Kona ya magurudumu mawili hukatwa kwa kulaza pikipiki, na aliyezoea kwa miaka 30 mwili wake hufanya hivyo wenyewe bila kufikiri. Cha magurudumu matatu hakilali. Inabidi kugeuza usukani kwa nguvu ya mikono na mabega, huku mwili ukiegemea upande wa ndani wa kona. Ukiingia kwa mwendo uliouzoea, gurudumu la ndani linanyanyuka na chombo kinapindukia nje. Vile vile, zamani ulishusha mguu chini uliposimama. Usifanye hivyo tena, kwa sababu gurudumu la nyuma liko pembeni yako na litaukanyaga mguu wako. Na barabara zetu za vumbi ambazo pikipiki hupenya kati ya mashimo, sasa utazipita kwa mistari mitatu, na upana wake hautaingia katika kila kichochoro. Mzee ajifunze upya uwanjani walau kwa wiki kadhaa, bila abiria na bila mzigo.

Sasa kuhusu kazi yenyewe ya fundi. Nimewauliza mafundi wanaoheshimu kazi yao, na yale wanayoyasema yanaingia akilini. Ekseli ya nyuma iwe na difu, ili gurudumu la nje lizunguke zaidi ya la ndani kwenye kona. Bomba lililochomelewa magurudumu mawili yanayozunguka pamoja hulazimisha chombo kwenda moja kwa moja hata ukikata kona. Breki ziwe katika magurudumu yote mawili ya nyuma, na iwepo breki ya mkono ya kukizuia mteremkoni. Iwepo pia rivasi, maana mzee hawezi kukisukuma kinyumenyume. Na sehemu zilizochomelewa zikaguliwe mara kwa mara, kwa kuwa ufa mdogo kwenye fremu hauna subira na mashimo ya njia zetu.

Kwa sababu hiyo maoni yangu ni haya: familia ipige hesabu vizuri kabla ya kukata chuma. Ukijumlisha ekseli, breki, ufundi na usajili, pengine ni afadhali kuuza pikipiki na kuongezea fedha, mkanunua chombo cha magurudumu matatu kilichotoka kiwandani hivyo, hata kama ni cha mtumba. Kuunga unga kwa bei nafuu, halafu mzee akapinduka, si akiba.

Tena msisahau sheria. Kadi ya usajili iliandikwa kwa chombo cha magurudumu mawili, na bima ilikatwa kwa chombo hicho hicho. Kabla ya kazi kuanza, ulizeni TRA, polisi wa usalama barabarani na kampuni ya bima, pamoja na daraja la leseni linalotakiwa. Ikitokea ajali, swali la kwanza litakuwa hilo. Kofia ngumu nayo isivuliwe. Kichwa cha aliyepinduka hugonga lami ile ile.

Wapo wazee wanaoona aibu, eti wataonekana kama watoto wa baiskeli ya matairi matatu. Wazee wangu, aibu hiyo haina msingi. Kampuni ya Harley-Davidson ya Marekani ilitengeneza pikipiki ya magurudumu matatu iitwayo Servi-Car tangu 1932 hadi 1973, na polisi wa huko waliitumia kazini. Hata leo kampuni hiyo hutengeneza za namna hiyo. Hakuna aliyewacheka polisi wale.

Neno la mwisho ni kwa watoto. Msimjie mzee na amri. Kaeni naye chini, mwende naye kliniki, mjue macho yake na dawa zake. Wekeni masharti pamoja: asiendeshe usiku, asiendeshe wakati wa mvua, asibebe wajukuu watano kwa kuwa tu kuna nafasi. Na mkubaliane mapema dalili za kuacha kabisa: mikwaruzo mipya kila wiki, kupigiwa honi mara kwa mara, kupotea njia. Mzee aliyeshirikishwa katika kuweka sharti hulikubali siku yake ikifika. Siku hiyo nanyi muwe tayari kumpeleka kliniki wenyewe, si kumwachia nauli mezani.