BUSTANI YA NYUMBANI: Mbegu ya viazi ilale kivulini



Mwezi wa 6 unakaribia, mvua inatuaga. Tunajua yanayofuata: jua linakausha mashamba, mbuzi wanamaliza majani yaliyobaki, na mvua ya mwezi wa 9 ikianguka tunazunguka kwa majirani kuomba kamba za viazi vitamu. Anayechelewa kupanda anachelewa kula. Na jamaa zetu wanaorudi kutoka kambi ya Nyarugusu, Tanzania, wanakuta shamba bila mbegu yoyote.

Dawa iko katika parsele zetu: kivuli cha mwembe, migomba au mingazi. Kiazi kitamu kinatambaa chini na hakifi kila mwaka kama mahindi. Kivulini hakizai viazi vingi, lakini kamba na matembele vinaendelea, na udongo unabaki na ubaridi wake.

Tufanye hivi:

1. Tuchague kamba zenye afya. Yenye majani madogo, yaliyojikunja au yenye rangi ya manjano tuiache, huo ni ugonjwa.

2. Tukate upande wa ncha, si karibu na shina. Kule chini ndiko mdudu wa viazi anapenda kutaga mayai.

3. Kila kipande kiwe na macho 3 au zaidi. Tuache sentimita 10 kati ya vipande na 20 kati ya mistari, mbali kidogo na mizizi mikubwa ya mti.

4. Tumwagilie jioni. Maji ya kuoshea mboga yanatosha, yasiwe na sabuni.

5. Tuzungushie miiba, kwa sababu ya mbuzi na kuku.

Matembele tuchume kidogo kidogo, tusimalize ncha zote. Tukiyapika na mawese, mwili wa mtoto unapata vitamini A vizuri zaidi, maana vitamini hiyo inahitaji mafuta.

Mvua ikirudi, tukate kamba za sentimita 30 hivi, tuzihamishe kwenye matuta, juani, maana huko ndiko viazi vinanenepa.

Kikundi chenye mama 20 kikitunza kila mmoja tuta moja, hakuna atakayekosa mbegu. Wiki hii, kabla udongo haujakauka, kila kikundi kichague kivuli chake. Na mwezi wa 9, fungu la kwanza tumpe jirani aliyerudi mikono mitupu.