Nguvu za wazee wetu hazimo katika kichupa

Matangazo ya dawa za kurejesha ujana yamezidi kutufikia kupitia simu zetu. Baadhi yake huwalenga waliovuka miaka 60, yakidai kwamba uchovu, misuli iliyonywea, kitambi na usingizi mwepesi vyote vimeletwa na kupungua kwa homoni ya ukuaji, na kwamba sindano za peptidi zitairejesha homoni hiyo pamoja na ujana wenyewe. Mara nyingi atakayetoa fedha ni mtoto anayetaka kumtendea mema mzazi wake. Kwa hiyo tumeona vema jambo hili lizungumzwe na familia nzima kabla mkono haujaingia mfukoni.

Sehemu ya kwanza ya madai hayo ina ukweli. Homoni ya ukuaji hutolewa na pituitari, tezi iliyo chini ya ubongo ambayo ukubwa wake ni kama punje ya mbaazi. Kwa mtoto hurefusha mifupa. Kwa mtu mzima husaidia kutunza misuli na kupunguza mafuta. Kiasi kikubwa chake hutoka usiku, katika usingizi mzito wa saa za mwanzo. Baada ya ujana homoni hii hupungua kidogo kidogo, kama zinavyopungua nguvu nyingine za mwili. Ama peptidi, hizo ni vipande vifupi vya protini. Zinazotangazwa, kama sermorelini na ipamorelini, si homoni yenyewe, bali huichochea tezi iitoe kwa wingi zaidi.

Tumaini hili lilivuma mwaka 1990, pale Dk. Daniel Rudman wa Marekani na wenzake walipochapisha utafiti wa wanaume 21 wenye umri wa miaka 61 hadi 81. Kumi na wawili kati yao walidungwa homoni ya ukuaji kwa miezi sita. Mafuta yao yalipungua kwa takriban asilimia 14, na uzito wa mwili usio wa mafuta ukaongezeka kwa takriban asilimia 9. Wafanyabiashara waliidaka habari hiyo na kuitangaza kama ushindi dhidi ya uzee. Hata hivyo, utafiti ule haukupima kama wazee wale walipata nguvu zaidi. Mwaka 2003 jarida lililouchapisha lilionya kwamba makala yake yalikuwa yakitumiwa kupotosha watu.

Baadaye nguvu zilipimwa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008, wazee 65 wenye afya walihusishwa na kidonge kinachoichochea tezi hiyohiyo. Homoni ilipanda hadi kiwango cha vijana na uzito usio wa mafuta ukaongezeka kwa takriban kilo moja, lakini nguvu za misuli hazikuongezeka, na sukari katika damu ikapanda. Kwa homoni yenyewe, madhara yaliyoonekana kwa wazee ni kuvimba miguu, maumivu ya viungo, ganzi ya mikono na kukaribia kisukari. Mwenye saratani haruhusiwi kabisa kuitumia.

Nchini Marekani, ambako biashara hii ilishamiri, sheria inakataza kumpa mtu homoni ya ukuaji kwa ajili ya kupambana na uzee. Sermorelini iliidhinishwa huko kwa watoto waliodumaa kwa kukosa homoni. Ipamorelini haijaidhinishwa kwa ugonjwa wowote. Vichupa vingi vinavyouzwa mtandaoni huandikwa kuwa ni vya utafiti tu, si vya kutumiwa na binadamu. Anayejidunga basi hana wa kumdhaminia kilichomo.

Hatusemi kwamba hakuna mtu mzima anayeihitaji homoni hii. Wapo ambao tezi yao imeharibiwa na uvimbe, upasuaji au mionzi, nao hupimwa na kutibiwa na daktari bingwa. Vilevile, mzee aliyedhoofika ghafla asiambiwe kwamba ni umri tu. Huenda ana kisukari, upungufu wa damu, sonona, au dawa anazotumia zinamchosha. Apelekwe hospitali akapimwe.

Mwaka huohuo wa 1990, watafiti wa Boston waliwapa wazee 10 wa nyumba ya kulelea wazee, wenye wastani wa umri wa miaka 90, mazoezi ya kunyanyua uzito kwa miguu kwa wiki nane. Nguvu za miguu ya waliomaliza ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Hawakudungwa sindano yoyote, na habari yao haikuvuma sana, kwa kuwa haikuwa na bidhaa ya kuuza.

Hapa familia zetu zina la kujitazama. Katika kuwaheshimu wazee, tumezoea kuwaondolea kila kazi: mama asichote maji, baba asiende sokoni, kila kitu aletewe alipoketi. Nia ni njema, lakini msuli usiotumika hunywea. Heshima iliyo bora ni kumwachia mzee kazi anayoimudu na kumsindikiza katika ile inayomwelemea. Ainuke kitini bila kushika mikono, mara kumi asubuhi na mara kumi jioni, mjukuu akiwa kando. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mazoezi ya nguvu walau siku mbili kwa wiki. Sahani yake isiwe wali na mchuzi tu, bali iwe na maharage, samaki, dagaa, yai au maziwa. Mwenye maradhi ya figo amuulize daktari wake kwanza. Usiku alale mapema, runinga ikiwa imezimwa.

Tumefundishwa kujitibu, na katika mafundisho hayohayo uzee umetajwa kuwa usio na dawa. Lakini mzee anayeweza kuinuka mwenyewe kutoka katika sijida ana neema kubwa, na kumsaidia aendelee kuiweza ni wajibu wetu tulio naye nyumbani.