Mlima Kenya si "Mandhari ya Kuvutia" Tu

Aghalabu mwandishi wa Kiswahili anapoisifu Mbuga ya Kitaifa ya Mlima Kenya, huandika "mandhari ya kuvutia" kisha huweka kalamu chini. Kifungu hicho humfaa hata mwenye kusifu hoteli. Hakimwambii msomaji lolote kuhusu Bonde la Mackinder, ambako pimbi huota jua maweni na chozi hufyonza maua ya lobelia, mmea uhifadhio maji kati ya majani yake. Usiku uso wa maji hayo huganda, na kitovu cha mmea kikasalimika. Wala hakidokezi kwamba vilele vya Batian (mita 5,199), Nelion (5,188) na Lenana (4,985) vilipewa majina ya malaiboni wa Kimaasai na Mwingereza, Halford Mackinder, mwaka 1899, ilhali Wakikuyu walikwisha kuuita mlima wenyewe Kirinyaga.

Barafu ya Lewis, chini ya Lenana, imesalia mabaki tu. Wataalamu wameipima na kuichora kwa lugha za kigeni. Mwanafunzi wa Kiswahili akizidi kukawia, atakuja kuisimulia barafu asiyoiona.