Mikorosho iliyosongamana ipunguzwe

UKIMWAMBIA mkulima wa Nachingwea au Ruangwa akate mkorosho alioachiwa na babu yake, atakutazama kama mtu uliyekuja kumnyang'anya shamba. Hatumlaumu. Mti huo ndio ada ya shule na ndio bati la nyumba. Hata hivyo, katika mashamba mengi ya wilaya hizi mbili, mti huo huo ndio unaomzuia jirani yake kuzaa.

Mkorosho huzaa kwenye ncha za matawi zinazopigwa na jua. Miti miwili ikigusana, upande wa katikati hubaki majani matupu. Kivuli na unyevu huo ndio makazi ya ubwiri unga, na salfa unayopuliza haifiki ndani. Kwa misimu ya karibuni wakulima wamekuwa wakipata viuatilifu vya ruzuku kupitia Bodi ya Korosho. Kuvimwaga katika pori la namna hiyo ni hasara, hata kama hukuvinunua.

Msongamano huu una historia. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna takriban tani 145,000 za korosho ghafi. Kufikia 1986/87 zilikuwa chini ya tani 20,000. Ugonjwa ulichangia, bei ilichangia, na watu kuhamishiwa vijijini kuliacha mashamba bila palizi, mche ukaota popote korosho ilipoanguka.

Wataalamu wa Naliendele wanashauri nafasi ya mita 12 kwa 12, yaani miti kama 28 kwa ekari. Shamba lenye mita 6 kwa 6 lina zaidi ya 110. Mwenye shamba hujivunia wingi wa miti, lakini mnadani hupimwa kilo.

Si lazima kufyeka yote kwa mkupuo. Weka alama wakati wa mavuno, usitegemee kumbukumbu: mti usiozaa misimu miwili mitatu mfululizo ndio uanze kuondoka. Mti mzee ulio mahali pake lakini mbegu yake hafifu unaweza kukatwa baada ya mavuno, kisiki kikabaki kama nusu mita hadi mita moja, mkato ukawa wa mshazari ili maji yasituame. Machipukizi yatatoka mengi. Bakiza machache yenye afya yaliyozunguka kisiki, na yakifikia unene wa penseli yabebeshwe vikonyo vya aina bora. Mizizi ya zamani ina nguvu, hivyo mti huo huweza kuanza kuzaa mwaka wa pili au wa tatu. Vikonyo vitoke kwenye miti inayojulikana. Naliendele iliidhinisha aina 16 mwaka 2006 na nyingine zimefuata. Cha kuokota kwa jirani kinaweza kukurudisha ulikotoka.

Na miaka hiyo ya kusubiri mtu ale nini? Hapo ndipo wengi hukwama, na ni swali la haki. Kata safu moja, acha nyingine izae. Mahali palipofunguka panapata jua la kutosha kwa ufuta, mbaazi au karanga, mazao ambayo mkulima wa huku hahitaji kufundishwa.

Kinachotusumbua zaidi ni miti isiyo na msemaji mmoja. Shamba la urithi lina ndugu sita, na mikorosho iliyokodishwa mkodishaji anataka mavuno ya msimu wake tu. Nani atashika msumeno? Wenye urithi wakae waandikiane mgawo kabla ya kukata. Anayekodisha aweke kwenye mkataba idadi ya miti itakayopunguzwa, na kodi ishuke kwa kiasi hicho.

Vyama vya msingi navyo visisubiri semina. Msumeno wa mashine na vijana wawili watatu waliofundishwa kubebesha, wanaolipwa kwa kila kikonyo kilichoshika, ni gharama ambayo chama kinaweza kuimudu kikiipitisha kwenye mkutano mkuu. Ombi hilo lifikishwe RUNALI kabla minada haijaanza, wakati wanachama bado wana subira ya kusikilizana.