Kupe wa Sikioni na Ng'ombe wa Nyumbani



Upande wa Njiru na Ruai, hata pembezoni mwa Kayole, wako mama wanaosomesha watoto kwa maziwa ya ng'ombe mmoja. Ng'ombe huyo hatoki zizini, na mwenyewe hudhani kupe hatamfikia. Lakini kupe huja ndani ya mzigo wa majani yaliyokatwa kando ya njia, au juu ya fahali wa udhiya aliyefungwa pale pale siku chache kabla ya Idi.

Maradhi tunayoyahofu ni ndigana kali. Wazungu waliyaita homa ya Pwani ya Mashariki, na pwani hiyo ni hii yetu: yalitambuliwa kusini mwa Afrika mwaka 1902, baada ya ng'ombe kupelekwa huko kutoka Afrika Mashariki.

Kupe wa kahawia apendaye masikio hazaliwi nayo. Jike hutaga mayai kwa maelfu ardhini, na kupe mchanga mwenye miguu sita hutoka akiwa safi. Huyapata katika damu ya ng'ombe anayemnyonya, naye yawezekana ni ng'ombe aliyepona zamani, mnene, asiye na dalili yoyote. Akishashiba huanguka, hujivua ngozi, huwa na miguu minane, kisha humngoja mnyama mwingine. Huyo wa pili ndiye afikwaye na msiba.

Ila vimelea vilivyo katika tezi za mate ya kupe huwa havijapevuka anapoanza kuuma. Huhitaji siku tatu au nne za kunyonya ndipo vimwingie ng'ombe. Basi mkono wa mama akamuaye, ukipapasa masikio kila asubuhi, humtangulia adui. Kupe ang'olewe, atiwe katika mafuta ya taa, wala asipasuliwe kwa kucha. Fahali wa udhiya afungwe mbali; kumnyunyizia dawa mnyama atakayeliwa kesho kutwa si jambo la kufanywa pasipo kumuuliza daktari wa mifugo.

Mtoki ukivimba chini ya sikio, pamoja na homa na pumzi za shida, daktari aitwe siku hiyo hiyo, kwani dawa hufaa mapema. Chanjo nayo ipo, iliyobuniwa Muguga, karibu na Nairobi: ng'ombe huingizwa vimelea hai na papo hapo hudungwa dawa ya kuvizuia. Humkinga na ndigana kali, lakini haimwondoi kupe, ambaye hubeba pia ugonjwa wa kondoo uitwao kwa jina la mji huu wa Nairobi.