Mtoto akigalagala chini, angalia saa kwanza

Jioni moja wiki iliyopita nilikwenda dukani na mtoto wa dada yangu, ana miaka miwili na miezi mitatu. Akataka biskuti, nikamwambia hapana, tunakwenda kula. Akajitupa chini, akapiga kelele mpaka muuza chipsi wa jirani akasogea kuangalia. Mama mmoja akanishauri: “Mchape huyo, anakupima.”

Nusura nimsikilize, maana aibu ya kuliliwa mbele za watu si ndogo. Kisha nikakumbuka kwamba siku hiyo hakulala mchana, na mara ya mwisho alikula saa sita. Sasa ilikuwa inakaribia saa kumi na mbili.

Mtoto wa umri huu hana hila tunazomdhania. Sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayotusaidia kuzuia hasira na kusubiri, huendelea kukomaa hadi mtu anapovuka miaka 20. Yake ndiyo kwanza inaanza. Maneno nayo ni machache, wengi wao huunganisha mawili tu, “mama maji”. Hawezi kukwambia amechoka, ana njaa na umemuudhi, vyote kwa pamoja. Analia.

Wazazi wengi tunapuuza usingizi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 2019 unasema mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili anahitaji kulala saa 11 hadi 14 kwa siku, usingizi wa mchana ukiwemo. Sasa piga hesabu: anayekesha na tamthilia hadi saa nne usiku na kuamshwa saa kumi na mbili asubuhi amelala kwa saa nane tu.

Pale dukani nilichuchumaa, nikamwambia, “Unataka biskuti, najua. Twende tukale.” Sikumpa, kwa sababu ukimpa akiwa analia, kesho atalia tena ili apewe. Nilimbeba akiwa bado anapiga mateke. Nyumbani alikula wali na maharage, akasinzia kabla sijatoa vyombo.

Ila kama mtoto amefikisha miaka miwili na haunganishi maneno mawili, au amepoteza maneno aliyokuwa nayo, mpeleke kliniki.

Kesho yake saa nne asubuhi alijitupa tena palepale. Alikuwa amelala vizuri na amekunywa uji. Safari hii alitaka biskuti tu.